Mwanamume Asiye na Kwao

"Sasa huyo mtu wenu akifa, mtamzika wapi?"

Mama aliniuliza hivyo jioni moja akiwa amesimama mbele ya televisheni na mwiko mkononi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na nilikuwa na mazoea ya kubishana na kila kitu, kuanzia mahubiri ya Jumapili hadi maelezo yaliyoandikwa nyuma ya pakiti ya unga. Swali lake lilinishinda kwa sababu aliyekuwa akimsema hakuwa mtu. Alikuwa mhusika ambaye mimi na wenzangu tulimtunga, katika kipindi cha vichekesho kilichorekodiwa ndani ya gereji ya nyumba moja kubwa mtaani Elgon View na kurushwa kila wiki na kituo kidogo cha mjini. Tulimwita Mwanamume Asiye na Kwao. Kwa mama yangu, muuguzi aliyekuja Eldoret kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa, mtu asiye na mahali pa kuzikwa hakuwa kichekesho. Alikuwa mgonjwa.

Kipindi kilizaliwa baada ya wakati ule. Eldoret hatuutaji uchaguzi wenyewe wala yaliyofuata. Tunasema "wakati ule" na kila mtu anajua ni upi. Wakati ule ulipopita, mji ulijaa amani. Kulikuwa na mabango ya amani, fulana za amani, mbio za amani ambazo zilishindwa na watu walewale wanaoshinda mbio zote, na semina za amani ambapo maadui wa jana walipewa chai na mandazi na kuombwa wakae wakichanganyika. Kilichobaki kufanyiwa amani kilikuwa kicheko. Shirika moja likajitokeza kukigharamia.

Ndipo tukaajiriwa kuandika upuuzi, na niseme ukweli, tuliuandika vizuri. Kulikuwa na Mheshimiwa wa Utepe, aliyetembea na mkasi wake mwenyewe. Alifungua rasmi dimbwi la maji, akafungua rasmi mlango wa choo, na siku moja akafungua rasmi mkutano wa askari waliokuja kumkamata. Kulikuwa na Dada wa Foleni, ambaye alipanga foleni kila wiki bila kuuliza ni ya nini, na kila alipokaribia dirisha aliingiwa na hofu akarudi nyuma kabisa. Kulikuwa na Kamishna wa Maridhiano, ambaye aliwapatanisha kuku wawili. Kuku walitia sahihi kwa makucha, wakapigwa picha, kisha Kamishna akawala wote wawili ili asionekane ana upendeleo.

Lakini aliyependwa kuliko wote alikuwa Mwanamume Asiye na Kwao. Kila wiki alifika ofisini kwa Karani akitaka jambo dogo, labda muhuri au kibali cha kumtafuta kuku wake. Karani hakuinua macho.

"Kwenu ni wapi?"

"Sina kwetu."

"Kila mtu ana kwao."

"Nilipofika kwetu nilikuta kumejaa."

Basi Karani angetandaza ramani ya nchi mezani na kuanza kumtafutia nafasi, na yeye angesimama pale kwa adabu akila yai la kuchemsha.

Yai lilikuwa na historia yake. Msimamizi wa kipindi kutoka shirikani, kijana mpole wa Nairobi tuliyemwita Afisa wa Amani, aliyevaa kitambulisho shingoni hata akiwa msalani, alitoa sharti moja: mtazamaji asiweze kamwe kujua kabila la mhusika huyu. Lafudhi ikaondolewa kwanza. Halafu tukagundua hawezi kula. Samaki alimpeleka ziwani, kuku alimpeleka magharibi, maziwa ya mursik yalimbakisha papa hapa, na viazi vilivyopondwa na mahindi vilimpandisha mlimani. Kikao kizima kilijadili githeri, mahindi na maharagwe tu. Mwishowe tukakubaliana kwamba chakula cha Mkenya asiye na kabila ni yai la kuchemsha na soda. Kofia nayo ikatusumbua, maana kila kofia inayovaliwa na mzee wa nchi hii ina nyumbani kwake, na hata upara, Afisa alisema, unaweza kufasiriwa. Tukamvisha helmeti ya bodaboda. Akaivaa vipindi vyote, hata kitandani.

Aliyekuwa ndani ya helmeti hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita gwaride. Sote tulimwita Mwalimu. Wakati ule ulipoanza alikuwa na nyumba na shamba dogo karibu na Burnt Forest. Nyumba iliteketea usiku aliokimbia. Tangu hapo alipanga chumba kimoja mjini na kufundisha watoto wa watu hesabu za jioni. Kabila lake silitaji. Msomaji ameshaanza kukisia, kama walivyokisia watazamaji wetu, na namwachia kazi hiyo.

Maana mji mzima ulifanya kazi hiyo. Tulimtunga mtu asiye na kabila ili watu wasahau makabila, nao wakatumia wiki nzima kulitafuta kabila lake. Fundi wa viatu karibu na ofisi za kaunti alisema ni wa fulani, kwa sababu anatembea kama mtu anayedaiwa. Mama wa mitumba alisema haiwezekani, wale hawapishi mtu mlangoni. Kila kundi lilimdai alipokuwa mwerevu na kumkana alipokuwa mjinga. Afisa wa Amani aliandika kwenye ripoti yake kwamba wananchi wanazungumza.

Mimi nilimwuliza Mwalimu swali jingine. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za gereji akimenya mayai ya siku hiyo. Nilimwuliza kwa nini haendi kulima shamba lake, maana vita vimekwisha na wengine wamerudi.

"Mtu harudi tu, wewe msichana," akasema. "Lazima kuwe na mtu wa kukuuliza utarudi lini. Usipoulizwa, ukirudi unakuwa umevamia."

Alitaka kurudi. Hakulificha hilo. Alijua siku ambazo mvua ingeshuka kule hata kabla haijanyesha mjini, na mara nyingi nilimkuta akizitazama bustani za maua za Elgon View kama mtu anayeona udongo mzuri ukipotezewa wakati. Aliamini kipindi kingemsaidia. Watu hawawezi kumfukuza mtu wanayecheka naye, alisema. Nilimwambia kwamba wanaweza, na kwamba waliowahi kumfukuza walikuwa wamekunywa chai kwake. Aliendelea kumenya yai.

Kulikuwa na kizuizi kingine, nacho kilikuwa chetu. Afisa alipopata fununu kwamba Mwalimu anafikiria kurudi, aliitisha kikao. Alieleza kwa upole kwamba akionekana amerudi Burnt Forest kama mmoja wa waliofukuzwa, kila mtu atajua alikuwa upande gani, na mhusika atakufa. Mkataba ulimkataza kufanya jambo lolote litakalofichua asili yake.

Nilimwuliza kama mradi wa shirika haukuwa wa kurudisha watu makwao.

"Ndio," akasema Afisa. "Lakini sio yeye. Yeye akirudi, atatuharibia kazi ya kurudisha wengine."

Nilimtazama kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Wiki hiyo nilijaribu kuandika kichekesho kinachozidi hicho, nikashindwa.

Baadaye shirika likaamua turekodi kipindi kimoja mbele ya watu, sokoni Burnt Forest, siku ya soko. Mwalimu alipanda gari la shirika akiwa amevaa helmeti tangu mjini.

Kulikuwa na baridi ile ya kule ambayo huingia kwenye meno. Tuliweka meza ya Karani juu ya lori, kati ya magunia ya viazi na wauzaji wa kabeji, na umati ukajaa mpaka kwenye mlango wa bucha, ambapo vijana kadhaa walisimama wakiwa na mikono mifukoni. Afisa aliwaeleza kwamba Karani akiuliza "Kwao ni wapi?", watu wataje mahali wanapodhani. Wakaanza. Mmoja alimpeleka Turkana, mwingine Mombasa, mwingine akasema huyu ni wa Ulaya amechomwa na jua, na kicheko kikaenea. Mwalimu alipaza sauti kuwatuliza, kama anavyotuliza darasa.

Ndipo mama mmoja mzee, mwenye shuka mabegani, akaacha kabeji zake na kusogea hadi kwenye ubavu wa lori. Hakupiga kelele, lakini kipaza sauti kilimnasa.

"Mwalimu," akasema. "Shamba lako limemea magugu mpaka ua hauonekani. Utarudi lini?"

Karani aliangalia skripti yake, kana kwamba maneno hayo yangekuwa humo. Afisa alikishika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Uso wa Mwalimu sikuuona kwa sababu ya helmeti. Niliona mikono yake tu, ikiwa imetandazwa mezani juu ya ramani.

"Mama," akasema, kwa ile sauti isiyo na mahali tuliyomfundisha, "umenifananisha. Mimi sina kwetu."

Watu wakalipuka kwa kicheko. Vijana wa bucha walicheka kuliko wote. Yule mama alingoja wamalize.

"Kama huna kwenu," akasema, "basi nitaingiza mbuzi wangu humo."

Wakacheka tena, naye akarudi kwenye kabeji zake bila kuangalia nyuma.

Afisa alifurahi sana. Alisema haijawahi kutokea hadhira ikashiriki kwa hiari namna ile. Njiani kurudi alikuwa anapanga jinsi ya kulikata neno "Mwalimu" ili yabaki mengine. Mwalimu alikaa nyuma na helmeti yake mpaka tulipoanza kuona taa za mji, ndipo akaivua na kuiweka magotini.

"Ameniuliza," aliniambia. "Miaka yote hii nimengoja mtu aniulize. Na mimi nikamjibu kwa skripti."

Jumatatu iliyofuata hakuja. Tulisikia amekwenda Burnt Forest na begi moja. Afisa alihuzunika kwa muda wa chai, kisha akakumbuka helmeti. Mhasibu wa shirika alikuwa na mabega mapana vilevile, na baada ya mazoezi kidogo akaweza kula yai bila kuvua. Wiki hiyohiyo kipindi kikaendelea. Fundi wa viatu hakubadilisha msimamo wake kuhusu kabila la mhusika, ila mtazamaji mmoja alipiga simu kituoni kupongeza kwamba siku hizi jamaa amepunguza siasa na anachekesha zaidi.

Mimi niliacha kazi kabla kipindi hakijafa, na kilikufa siku pesa za amani zilipohamia kwenye ufugaji wa nyuki. Mara nyingi nilimfikiria Mwalimu na umri wake, akipigana na magugu yaliyofunika ua, na mbuzi wa jirani wakimtazama. Nilidhani alirudi kuomba radhi.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, baada ya uchaguzi mwingine ambao tuliupita tukiwa tumejaza unga ndani ya nyumba na kubana pumzi. Alikuwa kwenye duka la pembejeo mjini akinusa mbegu, akaniita wewe msichana ingawa nilikuwa na mtoto mgongoni. Aliniambia kwamba siku ya kwanza alifika na panga jipya la kufyekea, na yule mama alimcheka kutoka upande wake wa ua mpaka mama mwenyewe akakaa chini. Mama hakuwa na namba ya simu ya Mwalimu, alimweleza, na pale sokoni ndipo mahali pekee ambapo mtu angeweza kumwuliza swali lile na likapita kama mchezo. Lakini vijana wa bucha walikuwa wakisikiliza, na wao walilitaka shamba. Wangejua mama analitunza kwa ajili ya nani, lisingedumu hadi jioni.

Shambani hapakuwa na magugu, na vijana wale walilijua hilo; ndiyo maana walicheka. Tangu Mwalimu alipokimbia, mama yule alikuwa amelilima kila msimu, viazi mbele na mahindi nyuma, na kila aliyemwuliza ni la nani alimwambia ni lake mwenyewe.