Mzee Barnabas na Nguzo ya Kwanza

Kuanzia Karungu mpaka Kisegi, ukiona nyumba ambayo kuta zake hazijapasuka, uliza aliyeijenga. Mara nyingi utatajiwa Javan, fundi mrefu wa maneno machache, ambaye akisalimiwa na watu watatu kwa pamoja hutazama viatu vyake. Shule aliishia darasa la nane, lakini hakuna ukuta uliowahi kumdanganya.

Fundi huyo, akiwa na miaka arobaini na sita, mke na watoto wanne, alikuwa bado anaishi katika simba, kile kibanda anachojengewa kijana karibu na lango la baba yake. Wachanganya mchanga kwenye mjengo walimchokoza kila siku.

"Fundi, wewe utajijengea lini? Au unangoja serikali?"

"Mwaka ujao," Javan alijibu, na kuchukua mwiko wake.

Kwa Wajaluo mtu mzima hahami tu kwa baba yake kama mpangaji. Baba ndiye humfungulia mwanawe boma. Huondoka naye alfajiri, mwana akibeba jogoo na shoka, mke akibeba moto, na baba huisimamisha nguzo ya kwanza kwa mkono wake. Nyumba lazima iezekwe kabla jua halijatua siku hiyohiyo. Javan alitaka nyumba ya mawe, na ya mawe haimaliziki kwa siku moja. Basi akawa anaahirisha, mpaka baba yake, Mzee Barnabas, aliposhindwa kumeza ugali.

Daktari wao alikuwa Nyanchama, mama Mkisii mwenye kliniki ya vyumba viwili Magunga. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa ameitibu familia hiyo: malaria za watoto, mkono wa Javan ulipovunjika, presha ya mama yake Javan hadi alipofariki. Yeye ndiye aliyempeleka Mzee kupimwa katika hospitali kubwa, na majibu yalipotoka, hakuwaita wana nyuma ya nyumba kuwanong'oneza. Aliketi kwenye kigoda mbele ya Mzee mwenyewe.

"Mzee, ni saratani ya koo, na imeshaenda mbali. Kuiondoa hatuwezi. Maumivu tunaweza kuyaondoa, na hapo sitakubali kushindwa."

"Asante, nyar Kisii," Mzee alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Kisii. "Afadhali wewe umeniangalia. Wale wa kule walikuwa wanaongea na karatasi."

Aliwaachia chupa ya mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu, pamoja na ya kulainisha tumbo. Mofini ilikuwa ya mililita tano kila baada ya saa nne. Lynnet, mke wa Javan, hangeweza kumhudumia, kwa maana mkaza mwana haingii chumbani kwa baba mkwe. Javan akaweka mwiko chini. Akawa ndiye wa kumwogesha baba yake, kumkorogea uji mwepesi na kumpimia dawa kwa sirinji. Mikono yake ya simenti ilijifunza upole haraka.

Lakini moyoni alikuwa na jiwe. Baba zake wadogo wote walikuwa wametangulia. Mzee akifa kabla ya boma kufunguliwa, ingebidi Javan aombe binamu wa mbali asimame mahali pa baba, na angeishi katika boma hilo maisha yake yote akijua aliyeisimamisha nguzo hakuwa baba yake. Na je, utamwambiaje mgonjwa wa kufa, "Baba, amka unifungulie boma"? Si ni kumwambia afanye haraka kabla hajaondoka? Lynnet alimsukuma kila asubuhi aseme. Kila asubuhi Javan aliingia chumbani na kutoka na bakuli tupu la uji.

Jumatatu moja daktari alifika na pikipiki yake. Alimkuta Mzee amejikunja, jasho linamtoka. Aliishika chupa akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ya siku sita ilikuwa imepungua sawasawa. Maumivu ndiyo hayakupungua.

"Javan, unampa wewe mwenyewe?"

"Kila saa nne, daktari. Wakati mwingine anasema nimwekee kwenye kikombe, atakunywa mwenyewe."

Daktari alichungulia nje ya dirisha. Majani yaliyo chini yake yalikuwa yamelowa, mbuzi wakiyatafuna, na siku hizo hapakuwa na mvua. Javan alidhani atagomba. Daktari aliketi.

"Mzee, inaonekana mbuzi wako ndio hawana maumivu siku hizi."

Mzee alicheka, na kicheko kikamuumiza. "Dawa yako inanilaza, nyar Kisii. Nikinywa leo, nalala mchana kutwa. Mtu aliyelala hawezi kazi."

"Kazi gani imekubakia?"

Mzee aliangalia upande wa lango. "Nina mtoto mzee kama mimi, bado analala langoni kwangu. Namngoja aniombe boma. Ninakaa macho, asije akanikuta nimelala."

Kumbe wakati Javan aliogopa kusema, baba yake alikuwa anakubali kuungua, akingoja kuambiwa.

Daktari alisimama. "Naenda kunawa mikono," alisema, akatoka. Alinawa muda mrefu kuliko mtu anayekwenda kupasua.

Javan alipiga magoti kando ya kitanda. Safari hii hakutazama viatu.

"Baba, naomba unifungulie boma. Nyumba ya mabati inatosha."

"Miaka ishirini nakungoja," Mzee alisema. "Ningekuwa basi, ningekuwa nimeshatoka stendi."

Daktari aliporudi alielezwa jinsi boma linavyofunguliwa. Alisikiliza kama anavyosikiliza kifua, kisha akahesabu siku kwa vidole.

"Usingizi wa dawa hii ni wa siku mbili tatu za kwanza. Mwili ukiizoea dawa, usingizi unaondoka. Wewe unakunywa leo, unamwaga kesho, kwa hiyo unauanza upya kila mara. Anza sasa, usiruke hata mara moja. Jumamosi utaamka na akili yako yote."

"Na miguu?"

"Miguu ni yako. Lakini nitakuwepo."

Jumanne Mzee alilala. Jumatano alilala. Alhamisi aliamka, akauliza bei ya mabati, akalalamika kwamba uji una sukari nyingi. Mchana huohuo binti yake, Valary, akafika kutoka Migori na gari la kukodi, akitaka kumpeleka Nairobi akapasuliwe.

"Mnamngoja afe huku mkishika jogoo?" alimfokea kaka yake.

Javan alimpigia daktari, naye akaja kabla chai haijapoa. Hakubishana. Alimweleza Valary ugonjwa ulipofika, na kwamba hospitali waliona kisu hakitasaidia. Kisha akasema, "Dada, ungekuwa mzazi wangu, ningemwacha nyumbani. Lakini mwenye mwili yuko hapa. Tumuulize."

"Nairobi sina mwana wa kumfungulia boma," Mzee alijibu. Valary alilia, akafuta macho, akamlipa dereva wa gari aende zake.

Jumamosi alfajiri umande ulikuwa bado kwenye nyasi. Daktari alifika akiwa na sweta ya kanisa na kumpimia Mzee dawa mwenyewe. Wachanganya mchanga wa Javan walikuja na toroli, wakaitandika blanketi. Mzee aliiangalia kwa dharau.

"Mimi ni simenti?"

Akatembea. Ilikuwa hatua mia mbili za kupanda kilima, fimbo mkono mmoja, bega la daktari upande mwingine. Alipumzika mara saba. Nyuma yake Javan na jogoo na shoka, Lynnet na moto chunguni, na hakuna aliyemharakisha. Alipofika aliitazama ardhi, akachagua mahali, akaisimamisha nguzo na kuikanyagia udongo kwa mguu wake mwembamba.

"Hapa," alisema. "Na watoto wako wakuzike hapa, ukiwa umezeeka kuliko mimi."

Siku nzima Mzee aliketi kwenye kiti akiwakosoa mafundi, na kila saa nne sirinji ilimfikia. Bati la mwisho lilipigiliwa jua likiwa bado juu ya ziwa.

Ndipo Javan akashtuka. Yeye na mke wake walilazimika kulala ndani ya boma jipya, na baba hawezi kulala kwa mwanawe. Nani angempa Mzee dawa usiku ule?

"Nipe hiyo," Valary alisema, akinyoosha mkono.

Daktari alimfundisha palepale: vuta mpaka mstari huu, toa hewa, elekeza ndani ya shavu, taratibu. Valary alirudia mara tatu kwa maji. Javan alimkabidhi sirinji na chupa, akampa pia saa yake ya mkononi. Kisha akasimama langoni kwake, akawatazama wakishuka polepole, dada yake, daktari na baba yake katikati, mpaka alipoona taa ya nyumba ya chini imewashwa.

Mzee Barnabas aliishi siku kumi na tisa zaidi, na hakulia kwa maumivu hata siku moja.