Kopo la Masalio

Watoto wangu wananiambia, "Papa, habari za uasi achana nazo." Siachani nazo. Masomo niliacha darasa la pili, lakini macho yangu hayakuacha kuona.

Atelier yetu ya kuchora ilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto ukitoka mjini. Tulichora mbao za maduka na picha za watu juu ya gunia za unga. Patron, mwenye atelier, alikuwa mkali kama pilipili, mke wake anapika lituma ya ndizi za kupondwa, tamu mpaka leo naisikia kwenye ulimi. Bon, rangi. Jioni hakuna kutupa. Kila mtu anakwangua kibao chake cha kuchanganyia rangi ndani ya kopo moja, nyekundu, kijani, yote, tunakoroga mpaka inafanana na mto siku ya mvua. Hiyo ndiyo tulipaka kwanza juu ya gunia, picha inakuja juu yake, na sura zetu zilikuwa na joto. Wazungu walionunua hawakujua.

Uhuru ukaja, Wazungu wakaenda. Uasi ukaja, na boti za kuleta rangi hazikuonekana tena. Likabaki kopo lile tu.

Mama mmoja wa wavuvi wa maporomoko alitaka sura ya mume wake, ambaye maji yalimchukua. Foto hakuna. Siku ya kuvua kilio, kumaliza matanga, ilikuwa karibu, na alitaka watoto waone baba yao ukutani. Alikaa pembeni yangu, ananisahihisha.

"Pua iko kubwa kuliko hiyo. Unachora mume wangu ao padri?"

Alors, akaingia mpiganaji mmoja wa uasi, ngozi ya nyani kichwani, mkuki mkononi, lori lao limesimama nje.

"Leta rangi yote. Tunaandika juu ya kamyo."

Patron aliangalia chini. Mimi nikasema, "Hii iko masalio."

"Masalio inatosha kamyo."

"Kamyo haikufa. Mume wa huyu mama alikufa."

Mkuki ukafika kifuani kwangu. Sikusogea. Wacha wanaosema tulitetemeka sote. Waseme ya kwao.

Mji mzima ulijua: wapiganaji wale walikunywa dawa ya kuzuia risasi, na mkono wa mwanamke ukiwagusa, dawa inaharibika. Mama akasimama. Akatia mkono ndani ya kopo mpaka kwenye kiwiko, akakoroga polepole, akautoa unachuruzika.

"Chukua basi, mutoto wangu. Pokea kwa mkono wangu."

Jamaa akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Muchawi!"

"Niko mujane. Pokea!"

Akatoka mbio, anagonga kizingiti.

Nikachukua kisu, nikakwangua mkono wa mama taratibu, rangi yote ikarudi kwenye kopo. Patron akapata sauti: "Donc, kesho watarudi na mwanaume asiyekunywa dawa, wa kubeba kopo!"

"Warudi," nikamwambia. "Mama, pua hii inatosha?"

"Bado. Ongeza."

Nikaongeza, na usiku ule rangi yote ikaishia kwenye sura. Kesho yake walirudi kweli, wakabeba kopo tupu. Ile sura ilikuwa imeshavuka mto ndani ya pirogi ya wavuvi, pua kubwa kama mama alivyotaka mwenyewe.