Mikono Isiyo na Kichwa

Volkano ilipopasuka, majirani zangu wa Katoyi walikimbia kwa kusikia makelele. Wanafunzi wangu walikimbia kwa kuvutwa. Mimi ni mwalimu wa viziwi. Mtoto mmoja wa darasa langu alivutwa na shangazi yake hadi bega likatoka mahali pake, na hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza kwa nini. Aliona anga jekundu, akaona watu wanakanyagana, akadhani anaadhibiwa.

Kisha ardhi ikaendelea kutetemeka, tukaamriwa kuuhama mji. Darasa likatawanyika: wengine Sake, wengine Rutshuru, mmoja hadi Bunagana kwa wajomba zake. Ndipo nilipoanza kufundisha kwa simu. Nilitundika kitenge cheusi ukutani, nikaweka simu juu ya bidoni, dumu la maji, nikajirekodi nikifundisha kwa ishara, kisha nikawatumia wazazi. Watu walinicheka: mwalimu gani huyu asiyetoa sauti? Niliwajibu kwamba wao wana sauti tele na watoto wao bado hawajui kuhesabu. Sikuwa mpole, na hadi leo si mpole.

Miaka michache baadaye waasi waliuchukua mji. Shule ikafungwa tena, nami nikarudi kwenye bidoni langu. Bomu liliangukia nyumba iliyo nyuma ya yangu, likamuua mama aliyekuwa akimenya viazi. Maiti zililala barabarani hadi mbwa wakazizoea. Lakini kilichoniumiza zaidi ni fundi viatu wa mtaa wa Ndosho, niliyemfundisha tangu utotoni. Aliamriwa asimame. Hakusikia, akapigwa risasi ya mgongo.

Kwa hiyo somo langu la kwanza la vita halikuwa hesabu. Nilirekodi hivi: ukiona bunduki, simama, inua mikono, usiguse sikio. Maana kiziwi yeyote hukimbilia kuonyesha sikio lake, na mtu mwenye bunduki akiona mkono unashuka, anadhani unatafuta silaha.

Kabla sijatuma, mama mmoja muuza makaa wa Ndosho alinisihi.

“Mwalimu, uso yako usionyeshe. Bakikamata telefone yangu, bataniuliza huyu ni nani.”

Wazazi wote wakamuunga mkono, kwa sababu simu zilikuwa zikipekuliwa kila kona. Nikakata kichwa kwenye picha, nikabakiza kifua na mikono. Jambo hilo lilinikera. Kwetu sisi tunaozungumza kwa ishara, uso ndio unaouliza, ndio unaotania, ndio unaosema kama neno ni la kweli au la mzaha. Ukiuondoa, mikono inabaki kutoa amri tu. Binti wa yule mama, msichana wa miaka kumi na miwili na mwanafunzi wangu mwepesi kuliko wote, alinirudishia video yake akijikata shingo kwa kidole na kuuliza kichwa changu kimeenda wapi. Nilicheka peke yangu chumbani.

Asubuhi moja simu ya mama yule iliniita. Ilikuwa sauti ya mwanamume.

“Wewe ndjo mwenye hii mikono? Kuja ku barriere, hapa Ndosho. Usipokuja, huyu mama tutamumaliza.”

Nyuma yake nilisikia fimbo ikitua juu ya mwili. Nilikwenda hadi kizuizini. Sikwenda kwa ujasiri. Njia nzima nilimlaani yule mama kwa kutofuta video.

Nilimkuta ameangushwa juu ya mawe ya lava, mdomo umepasuka, jicho moja limefunga, makaa yake yamemwagika. Binti alisimama pembeni, mikono juu, kama nilivyomfundisha. Alikuwa ameiinua kwa muda mrefu hadi mikono ikawa inatetemeka, na hakugusa sikio.

Mkubwa wa waasi waliokuwa pale, kijana mwenye koti la mvua, alinisukumia simu usoni. “Hii ni code ya nani?”

“Ni masomo, chef. Huyu mutoto hasikiake.”

“Bote banasema vile.”

Alinipiga kwa kitako cha bunduki. Nilitema jino. Kisha akampiga mama teke la tumbo, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akaokota kipande cha kaa, akampa binti, akamsimamisha mbele ya ukuta wa mbao. Akanirudia, akaninong'oneza sikioni.

“Umuambie: mama yako atakufa leo. Kama ni masomo kweli, ataandika vile. Akiandika kitu ingine, mulidanganya, na bote munakufa.”

“Chef, tafuta maneno ingine, nakuomba.”

Aliikoki bunduki, akaiweka kwenye shingo ya mama. Nikafikiri: nitamwonyesha kwa uso kwamba nimelazimishwa. Atanielewa, ananijua. Lakini kijana yule aliokota gunia tupu la makaa, akanivika kichwani hadi mabegani.

“Mu video hakuna kichwa,” akasema. “Fanya kama mu video.”

Ndani ya gunia nilivuta vumbi la makaa na damu yangu mwenyewe. Sikumwona mtoto. Niliinua mikono, nikasema: mama, wako, kufa, leo. Nilisema vizuri, kila ishara imekamilika, kwa sababu ishara mbovu ingewaua. Halafu nikasikia kaa likikwaruza ubao, taratibu, likisimama, likiendelea.

Kijana akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi: “Mama atakufa leo.” Wenzake wakacheka. Walifurahi kweli, kama watu walioonyeshwa mchezo mzuri.

Gunia lilipotolewa, binti alikuwa ananitazama mimi. Hakutazama bunduki. Nikamwambia upesi, kwa mikono na kwa uso wote: uongo, uongo, wamenilazimisha. Lakini alikuwa tayari amenigeuzia mgongo, amemlalia mama yake ili risasi impate yeye kwanza.

Hapakuwa na risasi. Wakatuambia tuondoke.

Mama yule yuko hai. Anauza makaa tena, na huniletea gunia zima bila kunidai, akinishukuru hadi naona aibu. Shule ilipofunguliwa, binti alirudi, akakaa nyuma. Hunakili ubaoni kila kitu, na maksi zake ni nzuri. Ila nikiinua mikono, anafumba macho. Mama yake amejaribu kumweleza kwa zile ishara chache anazozijua, na wenzake wamejaribu. Mimi nimesimama mbele yake mara nyingi nikamsimulia siku ile yote, gunia, bunduki, na kile nilichonong'onezwa. Darasa zima limelia. Yeye hajaona hata neno moja.