Siku Nilipomfananisha Tonton na Gavana wa Mfalme

Jamani, haya hata mama yangu hayajui, maana nikiyakumbuka uso unaniwaka mpaka leo. Nilimwaibisha mtu aliyenipa kitanda, mbele za watu, kwa mdomo wangu mwenyewe, na wala sikuwa nimelewa.

Nilitoka Kigoma kwenda kusoma historia Brussels, nikawa nakaa mtaa wa Berchem kwa tonton Faustin, mume wa marehemu shangazi yangu (shangazi alipofariki, tonton angeweza kabisa kuniambia nitafute pa kwenda, hakusema). Lubumbashi alikuwa mhandisi wa migodi, hapa alisafisha ofisi. Cheo pekee kilichombakia kilikuwa urais wa chama cha Wakatanga wenzake pale Laeken, miaka tisa sasa, na kila Jumapili ya mkutano alivaa suti na kila mtu alimwita Président.

Sasa mimi nilikuwa na mada ya kuwasilisha darasani, jinsi makoloni ya mwanzo ya Marekani yalivyotawaliwa, na Kifaransa changu kibovu, na woga niliokuwa nao usiseme. Tonton akanionea huruma. "Kuja ufanye mazoezi kwa mkutano wetu, batu bakusikilize, utazoea." Nikasimama, nikaanza kwa Kifaransa, wakaanza kusinzia, basi nikaamua (uamuzi mdogo tu, wa kijinga) kugeukia Kiswahili, nikawaambia Virginia gavana aliteuliwa na mfalme, Maryland ilikuwa mali ya bwana mmoja na ukoo wake, ila Connecticut na Rhode Island walowezi walijichagulia gavana wenyewe. Wakaamka.

"Na banamuke balikuwa banapiga kura wapi?" akauliza maman Odette, ambaye kila mkutano yeye ndiye anayepika.

"Wanawake hawakupiga, maman. Wala watumwa."

"Donc, basi ni kama hapa." Watu wakacheka. "Na sisi tuko koloni gani?"

Hapo ndipo ningefumba mdomo! Lakini walikuwa wananitazama wote, sifa zikanipanda kichwani, nikasema, "Nyinyi ni Virginia. Gavana yupo, ila sijasikia nani alimchagua."

Walicheka hadi wakapiga meza, na tonton mwenyewe alicheka. Kisha mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa upole, hivi kweli, tulichagua lini? Mwingine akasema tukae tu bila Président, si Ubelgiji yenyewe ina miezi haina serikali na tramu zinatembea? Maman Odette akavua aproni. "Bon. Tupige kura leo." Nikajaribu kusema huo ulikuwa mfano tu, mfano wa darasani, lakini nani ananisikiliza tena? Wakanyoosha mikono, kumi na mmoja kwa maman Odette, minne kwa tonton. Yangu ilikuwa magotini. Nilijiambia mimi si mwanachama (kisingizio hicho, nilikuwa naogopa kuzomewa).

Tonton akatoa muhuri wa chama mfukoni, akamkabidhi maman, akapiga makofi pamoja na wengine. Kwenye tramu nilisema pole mara tatu, mara zote akajibu, "Hakuna shida, mutoto," na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Asubuhi nilimkuta jikoni anakunywa kahawa kabla ya kwenda kazini.

"Yule gavana wa mfalme," akasema, "bakimutoa, alikuwa anaenda wapi?"

Nikajibu haraka, mwanafunzi mzuri, bila kufikiri. "Anarudi kwao tu, tonton."

"Ah," akasema. "Alikuwa na kwabo."

Akaosha kikombe, akavaa koti lake la kazi, akatoka.

Ile mada nilifaulu vizuri, na sikumwambia mtu nyumbani. Siku hizi nafundisha, na wanafunzi wakiniomba mfano wa watu tunaowajua nawaambia sina, someni kitabu.