Bango la Mzee Marwa wa Nyarero

Mimi ni fundi wa kuandika mabango, naishi Nkende mjini Tarime, na kosa hili ni langu peke yangu.

Mwezi uliopita Bibi Ghati wa Nyarero aliniagiza bango la kuweka penye jiwe kubwa kando ya barabara. "Andika kwamba Mzee Marwa, aliyewaongoza wenzake kuichimba barabara hii kwa majembe, alilala kwenye jiwe hili."

Nikajua bibi anakwepa kutaja kifo kwa heshima tu. Nikaongeza msalaba na maneno "Pumzika kwa amani", bila kuagizwa na mtu.

Siku ya uzinduzi nilivaa suti nyeusi. Kitambaa kilipoondolewa watu wakanyamaza kabisa, nami nikainamisha kichwa nikidhani wameguswa. Mzee mmoja mwenye fimbo akasogea, akalisoma bango polepole mpaka mwisho.

"Shikamoo mzee, pole sana," nikamwambia. "Ulimfahamu marehemu?"

"Marahaba. Marwa ni mimi," akajibu. "Hapo nililala wiki nzima nikilinda majembe yasiibwe. Sasa niambie, mwanangu, nilikufa lini?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini, na aliyecheka kuliko wote alikuwa marehemu mwenyewe.