Mashine Isiyo na Mdomo

Mtaa mzima ulimwita Mjomba, ingawa mpwa wake wa kweli alikuwa mmoja tu, binti wa dada yake. Binti huyo alipokuwa mdogo alishinda dukani, na kila mteja aliyeingia alimsikia akipayuka: "Mjomba, huyu anataka ya mpira! Mjomba, huyu amechana kava!" Jina likashika kama gundi. Hata watu waliomzidi umri, na mvi zao, walimwita Mjomba bila kuona haya.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha chini kwenye jengo la ghorofa, katikati ya duka la dawa na saluni ya dada yake. Aliuza gemu za diski, zile zinazokaa ndani ya kasha la plastiki lenye picha mbele na maelezo nyuma. Aliuza mpya, alinunua zilizochezwa, alibadilisha. Ulikuja na yako uliyoichoka, ukaongeza kidogo, ukaondoka na nyingine. Rafu alizitengeneza mwenyewe kwa mbao, akazipaka rangi ya samawati iliyokataa kukauka vizuri. Siku ya joto ukiegemea, shati linang'ang'ania.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alijua kumchagulia mtu. Mfamasia wa jirani, mwanamke kijana, aliwahi kuingia akitafuta zawadi ya mchumba wake, hajui hata aanzie wapi. Mjomba akamuuliza, "Akikasirika huwa anafanyaje?"

"Ananyamaza. Anaweza kununa hadi kesho yake."

"Basi usimpe ya vita. Mpe hii ya kulima."

Wakaoana. Miaka ikapita, na yule mfamasia kila akija kuazima ufagio alikuwa akilalamika kwamba nyumbani mumewe hashiki hata ndoo, lakini kwenye gemu ana mashamba hadi ng'ambo ya mto na ng'ombe wanaokamuliwa kwa wakati.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Vijana walijaa mpaka mlangoni, wengine wakijaribu gemu kwenye mashine ya dukani, wengine wakibishana nani alimfunga nani. Ukuta kati ya duka na saluni ulikuwa mwembamba, na wanawake waliokuwa wakisukwa upande wa pili walimlalamikia dada yake: "Hebu kawaambie hao watoto wa kaka yako wapunguze, vichwa vinatuuma." Dada mtu alikuwa akigonga ukuta kwa mpini wa kitana. Upande wa pili wanatulia kidogo, kisha mtu anafunga goli, basi tena.

Duka lilianza kufa intaneti iliposhuka bei, ila wakati huo hakuna aliyejua kwamba ndiko kufa kwenyewe. Wale wa Jumamosi wakapungua. Walikuja kwa kuruka wiki, kisha wakawa wanakuja kusalimia tu, kisha wakawa wanapunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara wakiwa wameinamia simu. Saluni kukawa kimya. Dada yake akawa anamsikia mdogo wake akifagia, akinyamaza, halafu baada ya muda anafagia tena pale pale alipofagia. Hapo ndipo moyo ulipoanza kumuuma. Kelele angeweza kuzigongea ukuta; huo ufagio angeugongea nini?

Siku moja akaja mama mmoja, mteja wa siku nyingi, uso umevimba kwa hasira. Akalibwaga kasha juu ya meza.

"Mjomba, jana umeniuzia kasha tupu."

"Haiwezekani, mama. Hilo lilikuwa bado na nailoni yake."

"Haya, lifungue mwenyewe."

Akalifungua. Mahali pa diski palikuwa na kikaratasi chenye herufi na tarakimu. Akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Gemu yenyewe iko kwenye mtandao," alisema polepole, kama mtu anayejisomea habari zake mwenyewe. "Unaandika hizi namba kwenye mashine, halafu inashuka."

"Inashuka kutoka wapi?"

"Kwa wenyewe walioitengeneza."

"Sasa mimi kwako nimenunua nini?"

Yule mama akaendelea, sauti imeshuka, na kushuka huko ndiko kulikouma zaidi: "Kwangu intaneti ni ya simu hii. Nikienda nayo kazini, imeenda. Wewe nakuamini, Mjomba. Ungeniambia."

"Hata mimi sikujua, mama."

Akamrudishia chake chote na kumwomba radhi hadi mama wa watu akaanza kuona aibu. Kisha akafungua makasha mengine ya mzigo ule, moja baada ya jingine. Karatasi. Karatasi. Karatasi. Akampigia simu msambazaji.

"Ndiyo mzigo wa siku hizi ulivyo, ndugu yangu," msambazaji akasema. "Mbona imeandikwa nyuma, pale chini?"

Kweli ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi.

"Na zenye diski utaleta lini?"

"Nisikudanganye. Hata mimi nimehamia kwenye kuuza spika."

Jioni dada yake alipokuwa akikunja taulo, Mjomba alimhadithia. Dada alikuwa mwepesi wa kutafuta dawa ya kila jambo. Ndivyo alivyomlea tangu mama yao alipofariki. "Changanya, mdogo wangu. Weka makava ya simu. Weka chaja. Biashara ni kugeuka na upepo."

Akachanganya. Zile chaja zilinunulika kweli, hakuna aliyekataa. Lakini alizitundika nyuma ya mlango, kama mtu anayemficha ndugu aliyeutia ukoo aibu, na mteja akiuliza chaja alielekeza kwa kidevu tu. Akiulizwa gemu alisimama. Nao wa kumsimamisha walikuwa wachache.

Wakati huo mpwa wake alikuwa ameshakuwa mtu mzima, anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Akajinunulia mashine mpya ya gemu kwa jasho lake, akawaalika mama yake na mjomba wake chakula cha mchana Jumapili. Mjomba alikuja amenyoa, amevaa shati la pasi, mkononi ana kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa gemu waliyokuwa wakiicheza pamoja binti alipokuwa haifikii hata meza, ila hii ilikuwa toleo jipya, nakala pekee aliyoipata.

Binti alipoichana karatasi akapiga ukelele, akamrukia shingoni. "Mjomba! Umeipata wapi hii?"

"Usiulize. Leta tuiweke, chakula kitatukuta tunacheza."

Akapiga magoti mbele ya mashine. Akapapasa upande wa mbele. Akapapasa ubavuni. Akaigeuza taratibu, akachungulia nyuma kwenye nyaya. Binti alikuwa amesimama na kasha kifuani, na furaha ilikuwa inamtoka usoni kidogo kidogo.

"Pa kuingizia ni wapi?"

"Mjomba..."

"Siku hizi wanaficha. Nionyeshe tu."

"Haina mdomo, Mjomba. Hii haina."

Dada mtu alikuwa mlangoni mwa jiko na sahani mbili mikononi, hajui arudi ndani au atoke.

"Zilikuwapo za aina mbili," binti akasema haraka haraka. "Hii ndiyo ilikuwa rahisi. Sikufikiria. Naweza kuirudisha, bado wanapokea."

"Uirudishe kwa ajili ya nini?" Mjomba akainuka, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. "Nzuri. Nyepesi. Haishiki hata nafasi. Ningekuwa mimi ningenunua hiyo hiyo."

Walikula. Mjomba alisifia mchuzi, akaongeza tena, akatania kwamba kliniki za meno zinawatisha watu ili zing'oe hata meno mazima. Alipoondoka tu, mama mtu akamgeukia binti yake.

"Ungemuuliza kwanza."

"Ningemuuliza nini, mama? Mimi sikuinunua ili nimuumize."

"Najua."

"Kwani nikinunua yenye mdomo duka litafufuka?"

Mama akaanza kukusanya sahani.

Mkataba wa chumba ulipokaribia kuisha, mwenye nyumba, mwalimu mstaafu mwenye adabu zake, alipita saluni badala ya kupita dukani.

"Ndugu yako ameniambia haendelei," akasema. "Kuna watu wa kubashiri mpira wanakitaka kile chumba. Lakini yeye ameniomba nikuulize wewe kwanza."

Dada aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akaenda mlango wa pili akiwa na kitana mkononi.

"Nani amekuambia nataka chumba chako?"

Mjomba alikuwa anapangusa diski, kutoka katikati kwenda nje, kama kawaida yake. Hakuinua macho. "Wateja wako wanasubiri kwenye ngazi, dada. Jua linawachoma. Vunja huo ukuta, wenyewe mwembamba."

"Sikitaki."

"Basi watachukua wale. Utakuwa unasuka watu huku upande wa pili wanaume wanatukanana kwa sababu ya kona."

"Nisikilize. Mimi nitakulipia chumba. Miezi michache, upumue."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

"Tutaona nini, dada? Diski haziletwi. Mashine hazina pa kuziweka. Hata ukinipa jengo zima, nitauza nini?" Sauti yake ilikuwa ya upole, kama anambembeleza yeye. "Chumba kinakwenda. Kwako au kwa mgeni, lakini kinakwenda."

"Sasa mimi nikusaidieje?"

"Kichukue."

Akakichukua. Fundi alipokuja na nyundo, ukuta haukuchukua hata asubuhi nzima. Kabla yake Mjomba alikuwa ameshabeba alivyotaka kubeba: ile nakala moja moja ya kila gemu aliyoipenda, aliyokuwa akijiwekea tangu ujana. Zilijaa chumbani kwake hadi kitanda kikasogezwa dirishani. Nyingine aliziuza kwa bei ya kutupa, nyingine akazigawa. Rafu aliziacha. Dada yake akapanga juu yake dawa za nywele, na kwa muda mrefu kila akichukua chupa alihisi kama amechukua kitu cha mtu bila ruhusa.

Binti hakutulia. Akatafuta huku na huku mpaka akapata mashine ya zamani, yenye mdomo, iliyotumika. Akaipeleka kwa mjomba wake bila kutoa taarifa. Mjomba akafurahi kama mtoto. Akachomoa kwenye mkusanyiko wake ile gemu ya kwanza, waliyocheza binti akiwa mdogo. Mashine ikaimeza. Ikazunguka, ikasaga, ikanyamaza. Kioo kikaandika kwamba diski haisomeki.

"Labda ni mashine," binti akasema.

Mjomba akajaribu nyingine, ikakubali. Akairudisha ile, ikakataa. Akaipangusa, ikakataa. Mwishoni akaiinua mbele ya taa, na binti akaona vitundu vya mwanga, vidogo kama vya ncha ya sindano, mahali ambapo hapakupaswa kupita mwanga.

"Imeoza," Mjomba akasema.

"Diski inaoza?"

"Kwa ndani. Ule utando wa kung'aa. Hewa ikishapenya haina dawa. Hata ungeifunga kwenye dhahabu."

"Na hizi nyingine?"

Mjomba akatazama makasha yaliyopanda hadi darini. Yalikuwa safi, yamepangwa kwa herufi, hayana hata vumbi. "Nyingine nzima. Nyingine zimeshaanza. Kwa nje huwezi kujua."

"Tuzikague zote basi. Mimi nitakusaidia."

"Tukishazikagua?"

Walicheza ile iliyokubali, gemu ya mbio za magari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiipenda, na Mjomba akamwachia binti ashinde.

Siku hizi Mjomba yuko saluni. Anapokea wateja, anaagiza dawa, anatengeneza draya zinapogoma. Mwanzoni wanawake walijifunika wakimwona, sasa wanamwuliza kama rangi fulani itawafaa, naye anawauliza maswali mawili matatu kisha anawajibu, na mara nyingi hakosei. Dada yake anamlipa vizuri. Hakuna anayegombana na mwenzake. Ukimwuliza hali, anasema tunamshukuru Mungu, na huenda ni kweli.

Juzi aliingia mwanaume mmoja na mfuko mkubwa wa plastiki, akasimama kizingitini akishangaa vioo na harufu ya dawa.

"Mjomba? Nilidhani nimepotea njia."

"Hujapotea. Karibu."

"Tunahamia nyumba ndogo. Mke wangu amesema hizi, kama si kwa Mjomba, basi jalalani."

Mjomba akapekua. Gemu, makasha kwa makasha, nyingi amemwuzia mwenyewe huyo bwana akiwa kijana wa Jumamosi. Akafungua moja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaifunga.

"Sinunui tena, ndugu yangu."

"Sitaki pesa. Mimi kuzitupa siwezi tu. Wewe utajua la kufanya."

Dada alikuwa anamtazama mdogo wake kupitia kioo, kitana kimesimama hewani. Alitaka Mjomba aseme hapana. Alijua hatasema.

"Ziweke hapo," Mjomba akasema, akionyesha chini ya sinki.

Yule bwana akashukuru sana, akaondoka na hatua nyepesi za mtu aliyetua mzigo.

"Utazipeleka wapi?" dada akauliza. "Kwako hata wewe mwenyewe hupati pa kupita."

"Sijui, dada."

Mteja mmoja chini ya draya akaita kwamba sikio linamuungua. Mjomba akaenda kumpunguzia joto.