Bukuru Toa Butoyi

Célestine na Charlotte walikuwa pacha wa mtaa wa Songo: Célestine ndiye Bukuru, aliyetangulia kuzaliwa, na Charlotte ndiye Butoyi, aliyefuata. Mama yao hakuwahi kumpa mmoja kitu akamnyima mwenzake. Hata asubuhi ile, Célestine akienda kujaribiwa ualimu na Charlotte akienda kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliwafunga vitenge vya sare.

Uasi ulikuwa umepita na shule inafunguliwa tena. Célestine alirudi kutoka chuo kikuu cha Bujumbura na aljebra kichwani na haya usoni. Direkteri Basile, mkuu wa shule, alimwambia wazi: somo likieleweka, kazi ni yake; lisipoeleweka, akauze ndagala na mwenzake.

Darasani, Célestine akaandika x na y ubaoni. Akafuta, akaandika tena. Wanafunzi wakaanza kunong'onezana. Nje, Charlotte alikuwa anachungulia dirishani, beseni kichwani, na Direkteri aliyechelewa akamkuta hapo, akamdhani ni Célestine.

"Mademoiselle! Darasa iko ndani, weye unafanya nini huku na samaki?"

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Célestine naye alicheka mpaka machozi, na kicheko kikamfungua ulimi. Akamvuta pacha wake ndani.

"Minye ni x, huyu ni y. Tukibadilishana nafasi, jumla yetu?"

"Ile ile!"

"Tukizidishwa?"

"Ile ile!"

"Bukuru toa Butoyi?"

Wakakokotoa madaftarini. Kisha Norbert, wa benchi la nyuma: "Inageuka alama!"

Célestine karibu aruke. "Basi andikeni tamko lolote kwa x na y, liwe refu kama barabara ya Kamanyola. Nitalijenga kwa visivyogeuka tukibadilishana, na visivyogeuka mara tofauti yetu. Basi!"

"x peke yake?" Norbert alimtega.

"Nusu ya jumla, ongeza nusu ya tofauti."

"Mraba wa x?"

"Nusu ya jumla ya miraba yetu, ongeza nusu ya jumla yetu mara tofauti!"

Charlotte alikuwa anazunguka kwa furaha, ndagala zinaruka.

"Hiyo ndiyo chuoni inaitwa moduli," Célestine alisema akihema. "Visivyogeuka ni kiwanja, nyumba juu yake ina nguzo mbili tu: namba moja, na tofauti."

Direkteri, aliyekuwa ameingia na kuketi nyuma, akainuka na boksi la chaki, akalitia mikononi mwa pacha aliyekuwa karibu.

"Mwalimu, kazi ni yako!"

"Hapo umepata *moins*, alama imegeuka, Direkteri," alisema Charlotte. "Mwalimu iko ule. Lakini chaki moja nabaki nayo. Kwetu pacha hapewi peke yake."